Muswada wa Tairi la Mbele

Jumamosi, 3 Agosti

Nimeaibishwa na sarafu. Mimi! Mtu aliyesahihisha prufu miaka thelathini na minane, katika nchi mbili, bila kupitisha hata koma moja iliyokaa vibaya!

Ilikuwa hivi. Nilikuwa uani nampangusa Mke Mwenza. Huyo ni pikipiki yangu. Jina alimpa marehemu mke wangu, akidai kwamba kila asubuhi namjulia hali mwenzake kabla yake. Hakukosea sana. Mara akaingia jirani, mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo, ambaye kwa ufupi namwita Mizani. Hakubisha hodi. Akachuchumaa, akatoa sarafu mfukoni, akaisimamisha kwenye mfereji wa tairi la nyuma. Sarafu ikaanguka. Akahamia la mbele. Huko hapakuwa na mfereji wa kuisimamisha. Akatangaza, kwa sauti ya kufika hadi dirishani, kwamba haya si matairi, ni vipara viwili vinafuatana.

Dirishani yuko binti yangu na cherehani yake. Alisikia. Akatoka na tepu shingoni, akainama, akagusa nyufa za ubavuni, akauliza hizi nini, Baba. Nikamwambia ni mikunjo ya utu uzima. Hakucheka.

Sasa, jambo lenyewe ni zito. Jumatatu ya tarehe 12 mjukuu wangu anaanza kazi ya ualimu. Shule iko mlimani, kilomita kumi na nne, nusu lami, nusu changarawe. Ameomba mwenyewe nimpeleke kwa Mke Mwenza siku ya kwanza, kama nilivyompeleka mama yake siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Aliniomba mbele ya watu! Tangu hapo natembea kifua mbele hata nikienda bafuni.

Binti ametoa hukumu. Matairi mapya, na fundi ayapitishe kwa kinywa chake. Vinginevyo mwanawe atapanda skuta ya Mizani. Mizani akadakia kwamba skuta ipo, haina shida, na kiti chake kina sponji.

Sponji! Nimeingia ndani bila kuaga.

Jumapili, 4 Agosti

Mpango umepatikana. Polishi ya viatu!

Matbaani, kitabu kilichochakaa tulikipa jalada jipya na kikauzwa. Nimepaka matairi yote mawili, mikono mitatu ya polishi, nikasugua kwa brashi. Nyufa zimemeza polishi zikanyamaza. Mjukuu alipita akasema, Babu, hayo yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikajiegemeza ukutani niangaliwe vizuri.

Saa kumi Binti akatoka. Akapitisha kiganja juu ya tairi polepole, kama anavyopima kitambaa. Akakitazama kiganja. Akaja akakipangusia mgongoni mwa shati langu. Jeupe.

Kutoka upande wa pili wa ua, Mizani akauliza kama nimefungua kiwanda cha wino.

Nitanunua matairi mapya. Si kwamba nimeshindwa. Nimeamua.

Jumatatu, 5 Agosti

Msahihishaji hanunui kitu bila kukisoma. Nimetoa kitabu cha maelekezo cha Mke Mwenza. Kimefungwa karatasi ya kaki tangu siku nilipomnunua kule kwetu, wakati ule bado tulikuwa tunasema "hapa."

Ukurasa wa 40, breki. Ukurasa unaofuata, 43, taa. Karatasi yenye 41 na 42 haipo, na ndiyo yenye habari za matairi. Aliyeichana ni mimi.

Niliichana asubuhi tuliyoikimbia nchi yetu. Malori yalikuwa yanachukua wanawake na watoto tu. Nilijipapasa mifuko yote, sina karatasi. Msahihishaji, hana karatasi! Nikachana hiyo, nikaandika pembeni anwani ya matbaa ya rafiki yangu ng'ambo, nikamfumbatisha mke wangu, nikamwambia nisubiri hapo. Mimi nikapita njia ya milimani na Mke Mwenza, kwa kuwa yeye hawakumruhusu kwenye lori. Siku kumi na tisa. Nikawakuta, yeye na mtoto, wamekaa juu ya marobota ya karatasi matbaani. Ule ukurasa sikuuulizia. Nani huulizia ukurasa siku kama ile?

Haya. Ukurasa haupo, akili ipo. Nimetoka na miwani nikasoma ubavu wa tairi la nyuma: 3.00-18. Hiyo 3.00 ni unene, 18 ni kipenyo cha rimu, vyote kwa inchi. Nikasoma la mbele: 3.00-18. Yamelingana! Nimenakili kwa wino, nikapiga mstari chini, nikakausha kwa pumzi. Chai ilikuwa bado ya moto.

Watu hulipwa kwa kazi kama hii.

Jumanne, 6 Agosti

Duka la matairi. Siku tukufu, mtu mmoja akitolewa.

Mwenye duka akaniomba nirudi na pikipiki aione. Nikamwambia sikuja na pikipiki, nimekuja na maandishi. Akasoma karatasi yangu, akakuna sikio, akasema pikipiki za umri huo mara nyingi la mbele huwa jembamba kuliko la nyuma, Mzee. Nikamuuliza amesoma vitabu vingapi mwaka huu. Akasema tutaenda na karatasi yako.

Akapanga aina tatu sakafuni. La lami, laini kama tumbo la chura. La mchanganyiko, la lami na vumbi. La kashata kubwa, kama mafundi wanavyoyaita yale meno ya tairi. Nilikuwa nimeshaelekea kwenye la mchanganyiko, kusema kweli. Ndipo nikasikia kikohozi. Mizani! Eti amekuja kununua kifuniko cha valvu. Akasema kwa njia ya mlimani angenishauri la mchanganyiko.

Nimechukua ya kashata kubwa. Yote mawili.

Akaomba kuona karatasi yangu. Akaniuliza nimenakili kutoka wapi. Kwenye tairi lenyewe, nikamwambia, kwani kuna shahidi gani wa kuzidi tairi lenyewe? Akatikisa kichwa. Akaanza hadithi yake ya kazini, jinsi wenye maduka walivyokuwa wakimwonyesha jiwe la kilo moja, akiwauliza limepimwa na nini, wanamwonyesha jiwe la pili, na la pili akiuliza limepimwa na nini, wanamrudisha kwenye la kwanza. Nikamwambia ashike habari za vifuniko vyake.

Nikageukia kazi. Nikasoma ile namba ya tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki, mbili za mwaka, nikamtajia mwenye duka kwamba matairi yake yametoka kiwandani wiki ya kumi na moja. Akasema, Mzee, wewe unayajua. Nayaandika maneno hayo hapa yasije yakapotea: Mzee, wewe unayajua.

Nimeyavaa yote mawili, moja kila bega, nikarudi nyumbani kwa barabara kuu. Ningeweza kupita uchochoroni. Kwa nini nipite uchochoroni?

Nilipogeuka nikamwona Mizani kupitia kioo cha duka, bado yumo, ananong'ona na mwenye duka. Kifuniko cha valvu kinataka mnong'ono?

Jumatano, 7 Agosti

Nimebadilisha mwenyewe. Fundi kazi yake ni kupitisha. Kufunga nafunga mimi.

Mke Mwenza juu ya kreti la soda. Gurudumu la nyuma nje. Sina vile vyuma vya kufungulia tairi, lakini chuma ni chuma: nimeazima miiko mitatu mikubwa ya bati ya Binti, ya kupakulia. Nimeazima bila yeye kuwepo. Nikapaka maji ya sabuni ukingoni, nikachomeka mwiko wa kwanza, wa pili, wa tatu, tairi la zamani likatoka likilia kama ng'ombe. Saa moja na robo tu!

Tyubu mpya nikaipaka poda ya Mjukuu isije ikajikunja. Nikaiingiza. Nikabana tairi kwa mwiko. Nikajaza upepo. Psss.

Mwiko ulikuwa umeing'ata tyubu. Nikaziba. Nikarudisha. Psss.

Nikaziba. Nikamrai Mke Mwenza kwa maneno ambayo sikuwahi kumpa mwenzake. Nikarudisha. Kimya! Kimya kitamu! Nikahamia la mbele, na huko nikatoboa mara moja tu. Ukitazama kwa jumla, naendelea vizuri.

Miiko imepinda. Yote mitatu imekaa kama alama za kuuliza. Chakula cha jioni Binti alipakua kwa mmojawapo na mchuzi ukaishia mezani, mbele yangu, mbele yangu tu. Akamwuliza mwanawe kama anajua duka linalouza baba wa akiba.

Alhamisi, 8 Agosti

Gurudumu la mbele halizunguki.

Linazunguka kidogo. Krrr. Linakwama. Zile kashata zinaparuza madigadi. Tairi la zamani lilipita hapo miaka yote bila kugusa, lakini la zamani lilikuwa kipara, kama Mizani alivyotangaza. Hili lina meno na madigadi haina nafasi ya meno.

Nimetafakari hadi adhuhuri. Kosa liko kwenye madigadi. Nimeing'oa.

Mke Mwenza bila madigadi ya mbele anaonekana kijana! Mjukuu akauliza tope litazuiwa na nini. Nikamwambia tutakwenda siku kavu. Akasema Jumatatu ni Jumatatu, Babu, haichagui. Ana mdomo kama wa bibi yake. Atafundisha vizuri.

Ijumaa, 9 Agosti

Mvua asubuhi. Kidogo tu, lakini ilinijua.

Fundi wa tairi yuko njia panda. Ni mama wa makamo, mikono kama ya mbeba magunia, wanamwita Kompresa kwa sababu ya sauti yake, na kicheko chake ndicho hasa kilichompa jina. Kabla sijafika kwake nilipita dimbwi moja. Moja! Tairi likalichota lote likanimiminia kuanzia kidevuni hadi utosini. Niliingia kwake naona kwa jicho moja.

Kompresa akaacha kazi. Akauliza kama nimekuja kuoshwa au kufinyangwa. Akamwita mteja aliyekuwa kwenye benchi aje aone mzee aliyechimbwa leo hii. Nikamwambia mama, nimekuja kupitishiwa matairi. Akasema sawa, baba yangu, tupitishe.

Akazunguka mara moja tu. Mara moja! La nyuma limefungwa kinyume, akasema, mshale wa ubavuni unatazama ulikotoka. La mbele si la mbele, ni tairi la nyuma limepotea njia. Na madigadi iko wapi? Nikamwambia iko nyumbani inapumzika. Akasema hupandishi mtoto wa mtu kwenye kitu hiki, si kwa kinywa changu, na kinywa changu unakisikia.

Nikamwonyesha karatasi yangu. 3.00 mbele, 3.00 nyuma, wino, mstari. Akauliza umenakili wapi. Kwenye tairi la mbele la zamani. Na hilo la zamani nani alilifunga?

Nikakumbuka kitu. Sikuona haja ya kukisema.

Nakiweka hapa kwa kuwa hapa hapana Kompresa. Miaka kumi na moja iliyopita duka halikuwa na la mbele. Nikachukua la nyuma lililokuwepo, liwe la wiki moja tu.

Kila niliyemfundisha kazi matbaani nilimwanzishia somo moja: husahihishi prufu kwa kuitazama prufu nyingine, unarudi kwenye muswada. Nimemfukuzisha mtu kazi kwa kosa hilo. Lakini hapa suala ni tofauti. Hapa muswada haupo. Bila muswada, Kompresa anabahatisha tu, na mimi nabahatisha kwa wino.

Amenipa hadi Jumapili saa nane. Baada ya hapo anafunga.

Jumamosi, 10 Agosti

Kama Mke Mwenza hatapitishwa, basi na skuta isipitishwe. Huo ndio usawa.

Saa tatu asubuhi, Mizani yuko sokoni. Nimeingia kibandani kwake na njiti ya kiberiti. Njiti moja kwenye valvu, upepo wote nje, Jumatatu skuta imelala. Sikukusudia kuharibu kitu. Upepo si mali ya mtu.

Nimepiga magoti. Nimefungua kifuniko cha valvu. Cha zamani, chenye kutu! Kile kipya alichokwenda kununua kiko wapi? Nikainua macho, nikaona gunia ukutani, na chini ya gunia kitu cha duara. Nikafunua.

Tairi. Jipya. 2.50-18. La mchanganyiko.

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Skuta ya Mizani ina vigurudumu vya kukaa kwenye sinia! Rimu ya inchi kumi! Mkaguzi wa vipimo, miaka thelathini anawasumbua watu na mawe yao, amenunua tairi lisiloingia kwenye chochote anachomiliki!

Kicheko ndicho kilichoniponza. Mizani alikuwa mlangoni, na kikapu cha nyanya, ananitazama niko magotini na njiti mkononi. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia nasikiliza upepo wake. Nikawahi kumwuliza, na hilo tairi? Basi akawa mwekundu kuliko nyanya zake! Akalivuta gunia likafunika. Akababaika kwamba alilinunua kwa bahati mbaya.

Bahati mbaya! Nimemwambia kwa upole kwamba uzeeni macho hudanganya, asome namba taratibu, na akishindwa aniite. Akasema ahsante. Akanipa nyanya mbili. Mtu akiaibika huwa mkarimu.

Kwa hiyo upepo sikuutoa. Ningemwongezea aibu juu ya aibu, na mimi si mtu wa hivyo.

Jumapili, 11 Agosti

Asubuhi Mjukuu alikuwa anapiga pasi blauzi yake nyeupe ya kesho. Mimi niko ukumbini, mlango uko wazi kidogo. Nikamsikia anamwambia mama yake kwamba atakwenda na skuta. Asiambiwe Babu mpaka asubuhi. Na asubuhi waseme ni kwa sababu ya begi la vitabu, si kwa sababu ya matairi.

Nikakaa pale ukumbini. Niliona kwamba kamba ya kiatu changu imefunguka, nikaifunga. Nikafunga na ya pili, ambayo haikufunguka.

Baadaye Binti akaniita kwenye chumba cha cherehani. Akafungua droo, akatoa kopo la vifungo, na ndani ya vifungo bahasha ya nailoni, na ndani ya bahasha karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema alipewa na mama yake mwaka ule wa mwisho. Akasema siku zote ameitazama upande wenye anwani. Jana usiku alisikia nikilalamika juu ya ukurasa wa 41, ndipo akawaza kuugeuza.

Hatukuugeuza mara moja. Tuliuweka mezani, upande wa mwandiko wangu. Mwandiko wa haraka, wino umetambaa pale kidole gumba cha mke wangu kilipobana. Nikausoma kama ninavyosoma chochote. Nimeruka herufi moja katika jina la mtaa. Miaka yote hii, sikujua. Nilimtuma na mtoto mgongoni, kwenye mji asioujua, na anwani yenye kosa, kwa mkono wa msahihishaji.

Alifika hivyo hivyo.

Binti akaugeuza. Jedwali. Mbele, 2.50-18. Nyuma, 3.00-18. Akausoma kwa sauti. Akausoma tena kwa sauti, jambo ambalo halikuwa la lazima.

Saa sita na robo! Kompresa anafunga saa nane! Nikawaza haraka, na wazo lilikuwa zuri kiasi kwamba nilisimama. Mizani ana tairi asilolihitaji. Limemfedhehesha. Kila akiingia kibandani linamtazama. Nani wa kumwondolea?

Nimekwenda kwake nikamwambia waziwazi kwamba niko tayari kumsaidia. Kwamba 2.50-18, kwa bahati, mimi naweza kupata mahali pa kuliweka, na ile habari ya kukosea kipimo itabaki baina yetu. Midomo yake ilikuwa inacheza, nadhani ni kwa uchungu. Akasema ahsante sana, jirani, umenitua mzigo. Akaingia ndani, akatoka nalo, limeshapanguswa vumbi. Akanisaidia hata kumsukuma Mke Mwenza hadi njia panda, na madigadi amebeba yeye kwapani.

Kompresa alimaliza dakika ishirini na tano. Vyuma vya kweli, havipindi. La nyuma akaligeuza mshale ukatazama tuendako. Akazungusha la mbele: kimya, limepita chini ya madigadi kama uzi kwenye sindano. Akapima upepo. Akauliza sasa huu ujuzi tumeutoa wapi. Nikamwambia utafiti. Akamtazama Mizani. Mizani akatazama barabara. Kompresa akacheka hadi mbwa wa jirani wakajibu, akasema haya, baba yangu, kwa kinywa changu yamepita, ila matairi mapya yanateleza, siku za kwanza uende kama umebeba mayai.

Nilirudi, nikasimama mlangoni, nikatangaza kwamba yamepita. Mjukuu akamtazama mama yake. Kisha akasema, Babu, begi langu la vitabu ni zito, unadhani Mke Mwenza ataliweza?

Ataliweza!

Jumatatu, 12 Agosti

Tumeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi na koti langu la matbaani. Yeye na blauzi nyeupe, mkono mmoja kiunoni mwangu. Begi la vitabu alilibeba Mizani kwenye skuta nyuma yetu. Hakualikwa, ila nilimruhusu. Msafara wowote wa maana una gari la mizigo.

Nilikwenda kama nimebeba mayai. Watu walitusalimu. Wengine waliopita kasi walipiga honi, nadhani kwa heshima. Kwenye changarawe, kona ya pili, nyuma ikateleza kidogo, na mbele ikashika. Ilishika kama mkono! Mjukuu akapiga yowe, kisha akacheka, akanibana zaidi. Nikapunguza gia.

Getini mwalimu mkuu alikuwa anapokea walimu wapya. Wengine walishuka kwenye magari. Mjukuu akashuka kwa Mke Mwenza, hana tone la tope, akasema kwa sauti ya darasani: huyu ni babu yangu, na huyu hapa ni mkubwa kuliko mama yangu, na wote wawili wametembea kuliko sisi sote tuliosimama hapa. Watoto wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akanipa mkono. Nilibaki kwenye kiti muda kidogo, nisije nikawanyima waliochelewa nafasi ya kutuona.

Mke Mwenza alikataa kuwaka wakati wa kurudi. Mizani akasukuma. Anasukuma vizuri, lazima nikiri, kwa mtu asiyejua kipimo cha tairi.

Jumanne, 13 Agosti

Mjukuu amekwenda na basi la walimu, ameridhika. Nyumba kimya. Nimeketi na gundi.

Nimerudisha ukurasa mahali pake, baina ya 40 na 43. Binti alikubali, kwa sharti kwamba upande wa anwani usiguswe. Sikuugusa. Ile herufi iliyoruka imebaki imeruka. Hilo ndilo kosa pekee nililowahi kuliona nikaliacha.

Kisha nikageuza upande wa jedwali, na kwa kuwa kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, nikasoma tena kwa utulivu. Mbele, 2.50. Hapana. Mke Mwenza ametembea na 3.00 mbele kwa miaka kumi na moja bila kuanguka hata siku moja. Kompresa hakuwepo, Mizani hakuwepo, mimi nilikuwepo. Ni wazi kwamba mpangaji wa herufi alikosea. Hutokea, hata kwenye matbaa nzuri. Nimekata 2.50 kwa mstari mmoja safi, nikaandika 3.00 pembeni, na chini yake: kosa la chapa. Nikatia sahihi. Kazi nadhifu.

Sasa hivi Mizani amechungulia juu ya ua. Anasema jana alipokuwa nyuma yetu aliona mnyororo wa Mke Mwenza umelegea, unacheza, unahitaji mpya, na kwamba idadi ya pingili zake lazima iwe kwenye ukurasa wa 42, kwa hiyo nitazame kabla ya kwenda dukani.

Nimemshukuru. Sina haja ya kutazama. Nimeshazihesabu kwenye mnyororo wa zamani.